Nguo za Aliyebaki Juu Mlimani

Baraza ya nyumba yetu ya Kajificheni, mjini Unguja, ni ya mawe na chokaa, inakalisha watu watano wakibanana, na dirisha la chumba cha bibi linafunguka juu yake moja kwa moja. Ndiyo maana yaliyosemwa pale Jumatano moja ya mwezi wa Julai, mwaka 1955, baada ya sala ya alasiri, niliyasikia yote. Nilikuwa ndani nikimkanda miguu bibi yangu, Bi Mwanakhamis, ambaye alikuwa hawezi tena kusimama. Nje walikuwa wanne na muuza kahawa. Ami yangu Usi, waliyemwita Kanzu Mbili kwa sababu kipupwe kikiingia huvaa kanzu mbili, moja juu ya nyengine. Hija, mshona kanzu, waliyemwita Futi kwa vile ile futi yake ya kitambaa haimtoki shingoni. Jecha wa Tumbatu, waliyemwita Makaa, aliyechochea moto katika meli miaka kumi na tisa. Na Mzee Mjaka, waliyemwita Karani, ambaye alikuwa ameshastaafu kazi ya ofisini lakini penseli bado ilikaa sikioni. Walikuwa wanapanga safari ya kupanda mlima Kilimanjaro. Hawakuwa wanakwenda kutembea. Walikuwa wanakwenda kumchukua Mkubwa, kaka yake Usi, aliyetoka nyumbani mwaka 1938 na ambaye, kwa habari tulizopata baadaye, alipanda mlima ule na Wazungu akiwa mpishi wao, akabaki juu. Sala ya ghaibu aliswaliwa, na mkewe Biasha alikaa eda. Lakini bibi alikuwa na neno moja tu: hataki kufa kabla mwanawe hajazikwa katika makaburi yetu. Mkubwa ni baba yangu. Alipotoka mimi nilikuwa na miezi mitano.

Siku ile walikuwa na barua ya kujibu. Meli ya Tanga ilikuwa inaondoka saa kumi na mbili jioni, na shemeji yake Futi alikuwa abiria. Yeye ndiye angeichukua barua mpaka kwenye gari moshi la kwenda Moshi. Karani alikuwa ameweka karatasi juu ya goti.

Karani: Tusome orodha kwanza. Watu sita. Mablanketi kumi na mbili. Makoti ya jeshi sita. Kamba pima sitini, inatoka Jambiani leo. Sanda.

Futi: Sanda ipo. Nshakata.

Makaa: Umekata kwa kimo gani?

Futi: Kimo cha Mkubwa. Nnacho kichwani. Mimi ndiye niliyekuwa nikimshonea.

Makaa: Ongeza nusu yadi.

Futi: Ya nini?

Makaa: Kule juu hewa nyepesi. Huku chini hewa inatubana, ndiyo maana tuko hivi tulivyo. Kule mtu habanwi. Miaka kumi na saba amelala, hana kinachomkandamiza. Atakuwa amenyooka.

Futi: Ebo! Maiti anarefuka?

Makaa: Mimi nakwambia ongeza nusu yadi. Ikizidi utakunja. Ikipungua utampasulia nani kanzu yake?

Karani: Nimeandika nusu yadi. Kafuri, ubani, sabuni, tasa. Machela ya turubai, kwa kuwa msikiti umetunyima jeneza.

Usi: Hawakutunyima, Mzee Mjaka. Wamesema jeneza ni la wakfu, halivuki bahari.

Futi: Na lingevuka tungelipandishaje? Mimi ngazi za nyumba hii tu zimenitoa roho. Kila siku mara tatu, gunia la mchele mgongoni, nifanye miguu. Kila nikifika juu kidogo napiga hodi, wanawake wanakimbia, mchele unamwagika. Mpaka Bi Mwanakhamis akanikataza.

Bibi akainua kichwa juu ya mto.

— Nilikukataza kwa kuwa kila siku ulikuwa unapumzikia jikoni!

Futi: Naam, Bi Mwanakhamis. Ni kweli.

Wakacheka, na muuza kahawa akawajazia finjani. Nilimwona ami Usi kwa pembe ya dirisha. Yeye hakucheka. Alikuwa akiizungusha finjani yake bila ya kunywa.

Usi: Mimi kuna kitu sikijui. Huyu atakuwa barafu. Tutamkoshaje?

Karani: Kwa maji ya moto.

Usi: Maji ya moto juu ya barafu?

Karani: Wala hayatakuwa ya moto sana. Niliwahi kusoma ofisini, katika karatasi za Wazungu, kwamba juu ya mlima ule maji yanachemka lakini hayaunguzi. Unatia mkono.

Makaa: Karani, ulistaafu wewe peke yako, au na akili ilistaafu? Mimi maji nimeyachemsha Aden, nimeyachemsha Bombay. Yakichemka yanaunguza.

Karani: Nasema nilichosoma.

Makaa: Na mimi nasema nilichokiona. Sikiliza, Usi. Barafu usiifanyie mchezo. Katika meli yetu alikufa fundi mmoja wa mashine, Mgiriki. Bandari ilikuwa mbali, wakamtia kwenye chumba cha barafu, na samaki na nyama. Siku kumi na moja. Tulipokwenda kumtoa, uso wake ulikuwa safi. Ndevu zimenyolewa.

Futi: Zimenyolewa na nani?

Makaa: Ndiyo nauliza na mimi.

Futi: Labda mtu aliingia.

Makaa: Hakuingia mtu. Ufunguo wa chumba kile ulikuwa mfukoni mwake yeye mwenyewe.

Futi: Basi nyinyi mlifungua kwa kitu gani?

Makaa: Kunywa kahawa yako, Futi.

Futi akanywa. Kisha ami Usi akasema, kwa sauti ya chini, maneno ambayo nimeyaweka kama alivyoyasema:

— Alipotoka alikuwa na miaka ishirini na nne. Mimi leo nina thelathini na nne. Nikimkuta kama alivyokuwa, nitakuwa namwita kaka kijana aliye mdogo wangu.

Karani akakohoa, akaifungua barua ya kiongozi. Kiongozi yule alikuwa mtu wa Marangu, jina lake Eliakimu Mtui, na kazi yake ni kuwapandisha watu mlimani na kuwashusha. Barua ile ninayo. Karani aliisoma taratibu, na pale palipokuwa na nukta alitua.

— “Kwa Bwana Usi, salamu sana. Nimekubali kuwaongoza mwezi wa Septemba, mvua zikiwa hazipo. Njooni watu sita wenye vifua vizima. Lakini kuna jambo nataka mnijibu kwanza. Waliobaki huko juu si mmoja. Uso wa mtu hauwezi kutegemewa, na mikono pia hapana. Nguo ndiyo inayobaki. Wapishi na wapagazi hupanda na nguo zao walizotoka nazo makwao, na koti la kuazima huja juu yake. Niandikieni ndugu yenu alivaa nini siku alipoondoka kwenu. Bila ya hilo sitawapeleka. Maana niliwahi kumshusha mtu, na wenyewe wakaja wakasema siye, na sikuwa na pa kumrudisha.”

Futi: Astaghfirullah. Sasa yuko wapi huyo?

Karani: Hakuandika.

Futi: Muulize. Katika jibu muulize. Mimi siwezi kulala nyumba moja na kiongozi nisiyejua kaweka nini chumbani.

Karani: Tunajibu tulichoulizwa tu. Alivaa nini? Semeni, niandike.

Futi: Hilo jepesi. Kanzu nyeupe, niliyomshonea mimi, shingoni nimeitia darizi ya hariri ya kahawia.

Makaa: Kanzu? Mtu anakwenda kufanya kazi bara na Wazungu, atavaa kanzu? Alivaa suruali fupi ya kaki na shati la kaki.

Karani: Mimi nakumbuka koti jeusi na tarbushi.

Makaa: Tarbushi ilikuwa ya kwako, siku ya harusi yako.

Usi: Koti lilikuwa langu. La buluu. Alinambia analiazima tu, na tangu hapo sijaliona.

Karani: Basi niandike lipi? Kanzu nyeupe, kaki fupi, koti jeusi, koti la buluu. Huyu ni mtu mmoja au duka?

Futi: Andika kanzu.

Makaa: Andika kanzu, na kila Mswahili aliyebaki juu ya mlima ule utaletewa wewe.

Walibishana hivyo kwa muda wa finjani mbili. Sitayaandika yote, kwa kuwa yalikuwa yale yale. Kilichonishika mimi ni kwamba kila aliyesema alikuwa na hakika. Futi aliifuata ile darizi kwa kidole hewani, mshono baada ya mshono. Makaa aliapa kwa jina la Mungu. Hakuna aliyesema sikumbuki.

Makaa: Na hata mkiipata nguo, hamjamaliza. Mimi Tanga nilikaa na wapagazi wa mlima ule. Waliniambia wanaopanda huhesabiwa kila alfajiri kabla ya kuondoka. Wanapanda sita. Wakiamka, saba.

Futi: Wa saba ni nani?

Makaa: Hakuna anayeuliza. Kila mtu anamjua aliye mbele yake na aliye nyuma yake. Amejifunika blanketi, anatembea kama wenzake. Akipewa chai anapokea.

Karani: Na wakishuka?

Makaa: Wakishuka ni sita.

Futi: Alhamdulillahi.

Makaa: Ni sita. Lakini ni nani atakuhakikishia kwamba ni sita wale wale?

Muuza kahawa alikuwa ananyanyua dele lake la kahawa. Akaliweka chini tena.

Futi: Mimi mke wangu atanijua kwa kukoroma.

Makaa: Na yeye akiwa anakoroma?

Futi: Hebu nyamaza, wee mtu! Sikiliza, nitafanya hivi. Nitatia uzi mwekundu ndani ya kola ya kila mmoja wetu, kabla hatujatoka Unguja. Kila alfajiri tunakaguana. Asiye na uzi hashuki na sisi.

Karani: Hilo ni neno la maana. Uzi mwekundu, kola sita.

Usi: Na kaka je?

Futi: Kaka vipi?

Usi: Yeye hana uzi.

Ndani, bibi alinishika mkono, nikaacha kumkanda. Alikuwa akisikiliza na macho ameyafumba.

Hapo ndipo alipotokea yule mgeni wa Jambiani. Jina lake Abdulla. Alikuwa mtu wa makamo, kamba imeviringwa begani mpaka shingo haionekani, na harufu ya makumbi ilitangulia kuingia dirishani kabla ya sauti yake. Kule kwao wanawake huyafukia makumbi ya nazi pwani miezi mingi, kisha huyafukua, wakayapiga na kuyasokota kamba. Akatua mzigo wake mbele ya baraza.

Abdulla: Assalamu alaykum. Shikamoo, mzee.

Karani: Wa alaykum salaam. Marahaba. Karibu kahawa. Pima sitini?

Abdulla: Sitini kamili, mama watoto wangu kaisokota na dada zake. Kazija, mke wangu, kanambia niulize: ni ya chombo gani? Maana ni ndefu, na nyinyi ni watu wa mjini.

Futi: Si ya chombo. Ni ya kupandia mlima.

Abdulla akadhani anafanyiwa mzaha, akacheka. Wao hawakucheka. Basi ami Usi akamweleza yote: kaka yake, Wazungu, mlima, barua ya kiongozi, meli ya saa kumi na mbili. Abdulla alisikiliza na finjani mkononi. Alipoambiwa kwamba kule juu mtu haozi, alitikisa kichwa kama aliyesikia jambo la kawaida.

Abdulla: Makumbi pia hayaozi. Ukiyafukua unayakuta vile vile, mekundu. Ila kila mtu huweka alama yake pale alipofukia. Asipoweka, atafukua ya jirani.

Makaa: Ndiyo hiyo alama tunayoitafuta. Sisi wanne, nguo nne.

Abdulla: Hilo halina ugomvi. Siku anaondoka alisindikizwa na nani bandarini? Muulizeni huyo. Yeye ndiye aliyemwona mwisho. Atajua alivaa nini.

Futi alijipiga paja, akacheka kwa furaha.

Futi: Umeona, Karani! Tumekaa hapa tangu alasiri, mtu wa shamba katufungua macho. Haya, Usi. Sema.

Inafaa nieleze jambo hapa kwa wasioujua mji wetu. Hakuna aliyesafiri peke yake. Hata mtu anayekwenda Pemba kwa siku mbili husindikizwa na nyumba nzima. Mmoja anachukua furushi la nguo, mwengine chakula, na hawarudi mpaka meli imetoweka. Kumwacha ndugu aende bandarini bila ya mtu ni aibu ambayo hatukuwahi kuisikia.

Usi: Niseme nini? Mimi nilikuwa shamba siku zile, kwa mjomba. Nilirudi nikaambiwa keshaondoka. Makaa ndiye aliyemsindikiza. Si alikuwa wa melini?

Makaa: Mimi? Wiki ile meli yetu ilikuwa Mombasa, inatengenezwa. Nilipofika hapa mlikuwa mshaanza kuhesabu siku za barua yake. Mimi najua alikwenda na Futi.

Futi: Na mimi najua alikwenda na Usi. Mimi siku ile nilikuwa na nguo za sikukuu, sikuinua kichwa. Hata ile kanzu...

Karani: Hata ile kanzu nini?

Futi: Sikumbuki kumkabidhi.

Alikuwa bado ana tabasamu ya kile kicheko cha kwanza, haijajua pa kwenda.

Usi: Na ile kaki uliyoiapia, Makaa?

Makaa: Watu wote wa kazi wanavaa kaki.

Usi: Habari ya mlimani nani aliileta? Wewe.

Makaa: Mimi niliambiwa Tanga, mpishi wa Unguja amebaki juu. Nikaja nikasema hivyo hivyo, mpishi wa Unguja. Jina sikupewa. Jina mlilitia nyinyi.

Usi: Mzee Mjaka, wewe uliandika barua ya kumuulizia. Uliandika kaondoka na meli gani?

Karani: Niliandika “aliondoka kwa meli”. Ndivyo ulivyonambia wewe.

Usi: Mimi niliambiwa na mama.

Wote wakaligeukia dirisha. Bibi alikuwa amefumbua macho. Sauti yake ilitoka kavu.

— Mimi niliambiwa na mkewe.

Mama yangu alikuwa kwenye mlango wa chumba. Alikuwa ameleta maji ya bibi, na sijui alikuwa amesimama pale tangu lini. Alizungumza bila ya kulisogelea dirisha, lakini mtaa ulikuwa kimya, na nje walimsikia.

— Mimi sikusema kaondoka. Nilisema katoka. Alitoka kwenda kuswali alfajiri. Alinambia nisitie komeo, anarudi sasa hivi. Jua lilipopanda nikaja kukwambia, mama, Mkubwa katoka. Kukawa na watu humu, mmoja akasema si alikuwa akisema atakwenda bara? Wengine wakasema, basi keshakwenda. Bara mlisema nyinyi.

Usi: Biasha. Miaka kumi na saba, kwa nini hukusema?

— Mlikuwa mkinihadithia alivyosindikizwa. Nikaona nyinyi ndio mnaojua.

Karani aliitoa penseli sikioni, akaishika juu ya karatasi. Nadhani ilikuwa desturi ya mkono tu.

Karani: Alivaa nini, binti yangu?

— Kikoi na fulana. Na mitalawanda.

Mitalawanda ni viatu vya mti, vya kwendea msalani na msikitini. Mtu hapandi navyo meli. Karani hakuandika. Kutoka bandarini ilisikika honi ya meli ya Tanga, mara moja, na hakuna aliyemtaja shemeji yake Futi. Muuza kahawa aliliinamisha dele juu ya finjani ya Abdulla, yakatoka mashapo matupu, akaanza kukusanya vyombo vyake bila ya kudai kitu. Abdulla akawa anaitazama kamba yake, kisha anawatazama wao, mmoja baada ya mmoja, kama anayengoja kuambiwa aichukue au aiache.

Ami Usi aliinuka. Hakushika njia ya bandarini. Alishika njia ya msikitini, ile aliyoishika kaka yake, polepole, huku akitazama kushoto na kulia. Kutoka baraza yetu mpaka msikiti ule ni hatua arubaini na mbili. Nimezipima mara nyingi baadaye. Hakuna kichochoro kinachokata, wala uwanja. Kuna ukuta na milango saba, mitatu kushoto na minne kulia, na wenyewe wote tunawajua, na wao wanatujua.

Bibi aliniuliza Usi yuko wapi.

Nikamwambia kasimama mbele ya mlango wa kwanza, kainua mkono, lakini hajapiga hodi.

Baada ya muda akaniuliza tena. Nikamwambia yuko mlango wa pili.